Karatasi ya Kufungia Jibini

Wiki nane niliandika makala katika gazeti la mtaa,
kurasa nne, wino unaochafua vidole,
na wiki nane Nazibrola alifungia jibini makala yangu.
Nilijua, maana hata mimi hununua kwake.
Nilifika nyumbani, nikafungua kifurushi,
nikaikuta aya ya kwanza imelowa chumvi:
"Tangu enzi na enzi, mto Rioni umekuwa chimbuko la..."
Chimbuko la nini, jibini ilishafuta.
Sikuona hasara.

Jumamosi, soko la Kutaisi likinuka giligilani na sufu mbichi,
nikamwuliza: "Huwa unasoma kwanza, au unafungia tu?"
Akapima nusu kilo, akalamba kidole.
"Otia, nilianza. Ila sentensi yako
ina ngazi nyingi, na mimi magoti yananiuma."

Mimi ni fundi wa cherehani. Miaka thelathini
nimewaambia wateja: mashine ikikataa kushona
usiilaumu nguo, tazama uzi umepita wapi.
Usiku ule nikawasha taa ya karakana,
nikaifungua makala kama ninavyofungua mashine,
skrubu moja moja, juu ya kitambaa cheupe.

Nikakuta "hakika". Nikaitoa. Hakuna kilicholegea.
Nikakuta "kwa hakika", binamu yake. Nikamfukuza.
Nikakuta "kama tujuavyo sote".
Kama sote twajua, ya nini kuambiana?
Nikakuta vivumishi vitatu vimempanda nomino mmoja
kama watoto juu ya punda, na punda kagoma.
Nikawashusha. Punda akatembea.
Na chini kabisa, penye vumbi na mafuta yaliyoganda,
nikakuta jambo nililotaka kusema tangu wiki ya kwanza:
koti la mama.

Ndipo nikaogopa.
Maana mto unaweza kuusingizia lolote, nao ukapita tu.
Lakini koti lile lilikuwa na vifungo vitano,
na siku niliyokwenda jeshini, stesheni, treni ikipiga honi,
mama aliona koti langu halina kifungo cha juu.
Akang'oa cha kwake. Akakishona hapo hapo, nimesimama.

Nikaandika: "Mama alikuwa na upendo usio kifani."
Nikasikia debe likivuma. Nikafuta.
Nikaandika: "Alikata uzi kwa meno,
na shavu lake likanigusa kidevu. Lilikuwa la baridi."
Nikaweka kalamu chini.
Nikatoka nje kutazama kuni, ambazo hazikuhitaji kutazamwa.

Usiku nne, mistari kumi na tisa.
Mhariri wetu, Vakhushti, alipiga simu:
"Funzo liko wapi?"
"Kwenye meno," nikamjibu.
Akakata. Akaichapa hata hivyo,
chini ya tangazo la mtu anayeuza mapipa.

Jumamosi Nazibrola hakugusa mizani.
"Umekosea," akasema. "Koti la marehemu lilikuwa la kijani."
"La kahawia."
"La kijani! Nilimwona akirudi kutoka stesheni,
amelishikilia kifuani kwa mkono mmoja, theluji inaanguka.
Nikamwita ndani anywe chai. Akakataa.
Akasema anawahi kupika, na hakuwa na wa kumpikia."
Muuza kachumbari akaingilia: kahawia.
Mkewe akamwambia yeye hata soksi zake hazijui rangi.
Foleni ikarefuka. Hakuna aliyeondoka.

Miaka arobaini sikujua habari ya ile chai.

Akanifungia jibini kwa ukurasa wa mieleka,
kilo nzima, akachukua pesa ya nusu.
Ukurasa wangu aliukunja mara mbili,
akauweka mfukoni mwa aproni, penye funguo.

Njiani nikatoa chaki ya kuchorea nguo
nikaandika kiganjani: kijani. Anywe chai.
Ingawa mimi, hadi leo,
nikifumba macho, naliona kahawia.